Mwalimu, nani anabaki?

Jumamosi vijana wangu walifungwa 4-1. Mabao matatu yalipita katikati ya uwanja, mahali pale pale, na wiki nzima sijalala vizuri kwa sababu yake.

Mimi ni mtoto wa kambini, hapa Jinja, Uganda. Baba alikuwa askari na mpira nilifundishwa kwa Kiswahili: panda, rudi, ziba. Leo nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwenye kiwanja chetu cha vumbi jekundu, na maneno ni yale yale.

Msimu huu nimechagua 4-2-4: mabeki wanne, viungo wawili, washambuliaji wanne. Nina sababu. Cranes, timu yetu ya taifa, waliporudi Kombe la Afrika mwaka 2017, baada ya miaka 39, walipigana kiume mbele ya Ghana, Misri na Mali. Lakini katika mechi tatu tulipata bao moja tu, la Farouk Miya, tena mechi ya mwisho. Nilikuwa kwenye kibanda cha video, nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Nikirudi nyumbani usiku ule niliapa kwamba nikipata timu yangu, vijana watajifunza kufunga kwanza.

Sasa tazama hesabu ya mfumo huu. Mawinga wawili na washambuliaji wawili wanasimama na mabeki wanne wa wapinzani, mtu na mtu wake. Beki akikosea hatua moja, hakuna mwenzake wa kumfunika. Hapo ndipo utamu ulipo. Ila katikati una watu wawili tu, na Jumamosi wenzetu waliweka watatu. Kila mpira uliporudi, mmoja wao alikuwa peke yake, anageuka, anainua kichwa, anachagua pa kupiga.

Mapumziko, namba sita wangu, mmoja wa wale wawili wa katikati, alinijia. Ni kijana mpole, haongei ovyo. Alikuwa ameshika chupa ya maji, hajainywa.

"Mwalimu, namba nane akipanda na mimi nikipanda, nani anabaki?"

Nikamwambia, "Baki wewe."

Jibu lile lilikuwa baya. Alibaki kweli, maana ni mtiifu, na timu ikakatika vipande viwili: wanne kule mbele wanaomba mpira, wengine huku nyuma wanaufukuza, na kati yao uwanja mtupu.

Jibu sahihi lilikuwapo tangu zamani. Brazil walichukua Kombe la Dunia mwaka 1958 kwa mfumo huu huu, wakiwafunga Sweden 5-2 kwenye fainali huko kwao Sweden. Kila mtu anawataja Pelé na Garrincha. Mimi namtaja Zagallo, winga wa kushoto. Mpira ukipotea alirudi katikati kuwasaidia Didi na Zito, wawili wakawa watatu. Mpira ukipatikana yuko mbele tena. Na hakuwa mtu wa kukaba tu, maana fainali ile naye alifunga.

Winga akirudi, mabeki nao wapande, pengo la katikati lizibwe. Kwa hiyo Jumanne nilileta kamba ya manila. Mabeki wanne waliishika, hatua nane kati ya mtu na mtu, na mbele yao, hatua 35, nikapanga majerikeni ya njano. Sharti lilikuwa moja: straika akivuka majerikeni, kamba nzima isogee. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Beki wa kulia anavuta, wa kushoto amelala, kamba inapinda kama nyoka. Lakini hapa ndipo mfumo wa kushambulia unapokufa au kupona. Mabeki wakiogopa na kurudi kwenye boksi lao, washambuliaji wanne ni mapambo. Wakipanda, wapinzani wanabanwa na kuotea, na golikipa wangu anasimama karibu na mstari wa boksi, tayari kutoka. Kiwanja chetu kina mawe, mpira hudunda vibaya, kwa hiyo nimemkataza kusubiri udunde mara ya pili.

Alhamisi tuliitupa kamba pembeni, tukacheza wenyewe kwa wenyewe. Krosi ilikatwa, mpira ukawaangukia wa upande wa pili. Winga wa kushoto alikuwa ameshaingia ndani, mikono imefunguliwa, anapiga kelele "Panda! Panda!" Namba sita akapanda. Hakugeuka kuniangalia.

Kesho saa kumi tunacheza tena. 4-2-4.