Kontena la Mikocheni

Miaka 13 nimekula kwa jasho la makontena. Kwenye ghala letu Rotterdam kazi ilikuwa hiyo hiyo: fungua milango, shusha mzigo, fagia, funga, lije lingine. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia, "Anko, Jumamosi nakupeleka sehemu ina makontena," nikajua ananitania. Makontena tena? Hata mabegi yangu na ile friji ya mama vilikuwa bado vimekwama bandarini, na wakala kila nikimpigia jibu ni moja: "Kesho, mkuu."

Tukashuka Mwenge, tukadaka bajaji hadi Mikocheni, upande ule wa viwanda. Nafasi Art Space, kituo cha wasanii hapa Dar, ipo hapo tangu 2008. Mimi nimeondoka 2011, na sikuwahi kukanyaga. Enzi zetu uchoraji ulikuwa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, tena tulipita tu, picha tukawaachia wazungu wanunue.

Ukiingia unakuta makontena yamepangwa uwanjani, kila moja ni studio ya msanii. Ubavu umekatwa dirisha, feni inahangaika na joto la bati. Siku hiyo watoto walikuwa kwenye mkeka wanajifunza kuchora, na vijana wawili wanabishana na spika iliyogoma, ya muziki wa jioni. Kiingilio cha watoto? Hakuna. Nikauliza mara mbili, maana nimetoka kwenye nchi ambayo hata choo cha stesheni unalipia.

Nilikoganda ni kwa binti mmoja mwenye kompyuta. Anatengeneza katuni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hii yote unachora kwa mkono?"

Akanielekeza kwa upole. Sekunde moja ya filamu inataka picha 24. Yeye anachora 12, kila moja anaionyesha mara mbili, jicho halishtuki. Tangu asubuhi alikuwa na konda mmoja tu, ananing'inia mlangoni mwa daladala, anapiga bodi. Mkono unapanda, unashuka, unapanda. Kwapa la shati limechanika, na hilo nalo kalichora mara 12. Mimi nilidhani kompyuta siku hizi inafanya yenyewe.

Nikatoka nje kupunga upepo, mazoea yakanizidi. Kontena lake limepakwa rangi ya machungwa, lakini chini ya rangi, pembeni ya mlango, namba bado imetuna kidogo. Nikapitisha kidole kama kipofu. Herufi nne, ya mwisho U, halafu tarakimu sita, halafu moja peke yake ndani ya kiboksi. Hiyo ya kiboksi ni ya kuhakiki; inapigiwa hesabu kutoka kwenye zile kumi za mbele, ukikosea kuandika moja inakuumbua. Nimezinakili maelfu kwa maelfu, mvua na theluji.

Binti akatoka. "Mzee, umeona nini hapo?"

Nikamsomea yote.

"Kumbe lina jina! Lilibeba nini?"

"Namba haisemi. Labda mtumba. Labda matairi."

Akarudi ndani mbio, akaketi. "Rudia basi, polepole." Nikamtajia herufi moja moja nikiwa nimesimama mlangoni, naye akawa anaziandika ubavuni mwa daladala, chini ya mkono wa konda.