Basi Hujawahi Kuliuzia

Maneno ya Mama Rehema, anayeuzia abiria wa mabasi korosho pale Mnazi Mmoja ya Lindi, hayaniondoki. Nimepiga pasi nayo, nimekoroga uji nayo, na jana usiku, Illustrator, programu ya kuchorea, ikiwa wazi mbele yangu nimalizie nembo ya kile kikundi cha wabanguaji wa korosho, nikajikuta nimeacha kazi namjibu mtu asiyekuwepo.

Mnaikumbuka pakiti ya korosho niliyowasimulia nilipoanza fildi, ile ya karatasi la kaki, yenye kidirisha cha nailoni na mkorosho uliochorwa kwa mistari myembamba? Ndiyo hiyo. Jumanne bosi alinituma Lindi kupeleka sampuli za kalenda. Wakati wa kurudi gari likasimama Mnazi Mmoja kusubiri abiria waliotoka Masasi, nikashuka. Mama Rehema alikuwa palepale pake, beseni mapajani. Nikamwamkia, akaitikia, nikamtolea pakiti.

"Mama, hii unaionaje?"

Akaigeuza, akaipapasa. "Nzuri. Kachora nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Hongera, mwanangu." Kisha akainuka, akaikamata katikati kama wanavyozikamata wauzaji wote, akanyoosha mkono juu hadi kwenye dirisha la basi. Akabaki hivyo. "Haya, huyo aliyekaa kule juu anaona nini?"

Kiganja chake kilikuwa kimeufunika mkorosho wote, majani na shina. Nikamwambia anaona karatasi.

"Wewe ni wa kupanda basi, mwanangu. Basi hujawahi kuliuzia."

Konda akagonga bati, nikapanda.

Aliyasema kwa upole, na pengine jioni ile ile alikuwa ameshayasahau. Mimi ndiye nayarudia. Njia nzima hadi Mikindani nilikuwa nimekaa dirishani, mahali hasa pa yule mnunuzi anayemsema, na kila tuliposimama niliwatazama wauzaji kwa juu: vidole, visigino vya mikono, pakiti zimesimama wima, na kinachonielekea mimi ni ule mkunjo wa juu tu. Miaka yote nimenunua korosho kupitia madirisha yale. Macho yangu yalikuwa kwenye chenji.

Darasani tumefundishwa mengi kuhusu kuwaza upya, na nayaheshimu. Ile orodha ya kuchochea mawazo mapya, SCAMPER ya Bob Eberle ya mwaka 1971, aliyoijenga juu ya maswali ya Alex Osborn, yule mtu wa matangazo aliyeeneza "brainstorming", ninaijua kwa moyo: badilisha kitu kimoja kwa kingine, unganisha, rekebisha, kuza au punguza, kitumie kwa kazi nyingine, ondoa, pindua. Pakiti yangu niliipitisha humo kote. Nikaondoa rangi, nikaunganisha mfuko na kikombe, nikaipindua juu chini, nikapata michoro ya kutosha kujaza ukuta. Lakini muda wote kitu kilikuwa mezani, mbele yangu, kwenye usawa wa macho yangu. Orodha inakuuliza ukifanye nini kitu. Haikuulizi jicho la mnunuzi liko wapi, wala mkono wa muuzaji umeshika wapi. Nafikiri swali hilo lingepaswa kutangulia mengine yote, na ninalisema bila kumdharau mwalimu yeyote.

Wiki hii mahari ya da Zuhura yamepokelewa, mnada wa kwanza wa korosho umefanyika na baba amerudi anaimba, na mimi kichwa changu bado kiko Mnazi Mmoja.

Ila ni kwenye mahari hayo hayo moyo ulipofunguka. Wakina shangazi walikuwa wamevaa sare, kanga nyekundu. Walipoinuka kwenye mkeka kwenda kupakua pilau, mimi nimebaki chini na sahani, na jina la kanga, yale maneno yake ya chini, likanipita usoni, tena na tena, kila shangazi na lake lile lile. Nikaacha kula. Kanga nimeichora tangu mwaka wa kwanza, pindo, mji, jina, nikipima uwiano wake kwa rula. Lakini jina halijawekwa pale chini kwa ajili ya uwiano. Anayeivaa halioni. Analisoma anayebaki nyuma yake, na mara nyingi ndiye aliyekusudiwa! Watu wetu walishawaza kwa jicho la mtu wa pili, wakalifuma kwenye nguo, na tunaivaa kila siku. Nilifurahi mpaka nikamsimulia ma mdogo pale pale, akanipa nyama zaidi.

Usiku ule nikamtoa Idi kitandani. Yeye akasimama uani na pakiti, mimi nikainama dirishani, akazinyanyua moja baada ya nyingine huku akilalamika. Jina la kikundi limehamia kwenye mkunjo wa juu, herufi nene. Kidirisha kimeshuka chini, chini kabisa ya kidole cha mwisho, maana mnunuzi anataka kujua ni korosho nzima au vipande kabla hajatoa hela. Katikati, mkono unapokaa, nimeacha kaki tupu. Mkorosho nimeupeleka nyuma, atauona akishafika kwake. Bosi ameitazama akasema niendelee. Lakini ninayemsubiri ni Mama Rehema ainyanyue.

Nilikuwa nimepanga kumpelekea Jumamosi. Sasa sijui. Jana bibi alipiga simu kutoka Tandahimba, tukaongea vizuri, akaniuliza habari za masomo, halafu akaniita kwa jina la marehemu shangazi Asha na akaendelea nalo hadi mwisho wa simu. Mama anasema ni uzee tu, nisianze kulia. Baba hajaambiwa. Nafikiri Jumamosi nipande gari la asubuhi nikamwone mwenyewe, nilale huko, na nimuulize jirani yake kama dawa za presha anazinywa.