Bendera ya kijani

Jana usiku nimeitazama tena Leave No Trace, filamu ya Debra Granik ya mwaka 2018. Mara ya kwanza nililia mwishoni. Safari hii machozi yalinijia mapema, pale kwenye nyuki.

Will amerudi kutoka vitani na roho yake haijatulia tangu hapo. Anaishi na bintiye Tom, mtoto wa miaka 13, ndani ya Forest Park, msitu mkubwa pembeni mwa jiji la Portland, Oregon. Wanalala chini ya turubai na wanafanya mazoezi ya kujificha. Siku Tom anapoonwa na mpita njia, yanakwisha. Wanapewa nyumba kwenye shamba la miti ya Krismasi. Baba hawezi kukaa, wanaondoka tena.

Baadaye, kwa watu wanaoishi kwenye matrela huko msituni, Tom anafundishwa ufugaji wa nyuki. Anamwita baba yake aje aone. Nyuki wanamtambaa mkononi, naye ametulia tuli, uso umeng'aa. Will anatazama tu. Nadhani hapo ndipo anapojua kwamba mwanawe amepata mahali pake. Hakuna anayegomba. Tom anampenda baba yake vilevile, ila lile jeraha si lake.

Mama alifariki nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa stesheni masta kwenye stesheni ndogo ya Reli ya Kati, porini kabisa. Tulikuwa sisi wawili, kuku na redio. Kusoma alinifundisha kwa ratiba za treni. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, nilikaa kimya siku tatu. Nilitaka kwenda, na nilishindwa kumwambia, maana jioni angeongea na nani?

Yeye ndiye aliyelivuta tranka kutoka chini ya kitanda. Kufuli lilikuwa bovu, akalifunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu, akayakaza kwa meno. Asubuhi alilipandisha mwenyewe kwenye behewa, akaninyoosha kola, akashuka. Treni haikuweza kuondoka bila yeye. Nilichungulia dirishani nikamwona amesimama mahali pake pa kila siku, kofia imekaa sawasawa, akainua bendera ya kijani.

Aliishika juu mpaka tulipokata kona.