Miaka 16 ya kungoja: Mtakatifu Charbel wa Annaya

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii nzima nimekuwa na Mtakatifu Charbel kichwani, yule mzee wa Lebanon mwenye ndevu nyeupe, amevaa nyeusi, macho kayainamisha chini. Picha yake wengi mmeshaiona maana inatumwa sana kwenye magrupu, ila maisha yake huku kwetu hatuyasemi sana.

Jina la nyumbani aliitwa Youssef Makhlouf, kazaliwa mwaka 1828 kijiji cha Bekaa Kafra juu kabisa milimani. Familia ya kimaskini, Wamaroni, yaani Wakatoliki wenzetu kabisa walio pamoja na Papa ila wana liturujia yao ya mashariki. Alikuwa na miaka mitatu baba yake akafa, alichukuliwa kwa lazima kubebea jeshi la Waturuki mizigo na hakurudi tena nyumbani. Mtoto akakua na mama, akawa mchungaji wa mifugo, na inasimuliwa kwamba akishawaacha wanyama wanakula yeye anaingia kwenye pango anapiga magoti anasali. Alikuwa na wajomba wawili wakaapweke, yaani watawa wanaoishi peke yao kwa sala, nafikiri hapo ndo mbegu ilipoangukia.

Mwaka 1851, ana miaka 23, akaondoka alfajiri bila kumuaga mtu akaenda utawani. Akachukua jina la Charbel, shahidi wa zamani sana, akaweka nadhiri 1853, akasomea upadre Kfifan ambako mwalimu wake mmojawapo alikuwa padre Nimatullah Hardini ambaye naye leo ni mtakatifu (hebu fikiria, mwalimu mtakatifu na mwanafunzi mtakatifu darasa moja!), akapewa upadre 1859 na kurudi monasteri ya Mt. Maron pale Annaya.

Sasa hapa ndo pamenishika. Huyu mtu moyo wake ulikuwa kwenye upweke na Mungu, lakini alikaa na wenzake kwenye monasteri miaka 16 baada ya upadrisho. Miaka 16! Analima, anabeba kuni, anatii kila anachoambiwa hata na aliye chini yake, analala kidogo, anasali sana. Ukaapweke kwenye shirika lao haukuwa kitu cha kujiamulia, lazima mkubwa akuruhusu akiona umekomaa. Inasimuliwa usiku mmoja mtumishi wa monasteri alimjazia taa maji badala ya mafuta, na taa ikawaka, na mkubwa alipojua hilo akaona huyu sasa aende. Ilikuwa Februari 1875.

Niseme yangu kidogo. Kuna kipindi nilijitoa kwenye kikundi kimoja cha sala, nikasema nataka utulivu nisali mwenyewe nyumbani. Ukweli nilikuwa nimekasirika, kuna maneno yalisemwa yakaniuma. Nikakaa kimya miezi kadhaa nikajua nimepata faragha na Mungu, kumbe kila nikifunga macho kusali nawaona wale wale, najibu yale maneno yao upya, rozari inaisha sijui hata nilikuwa tendo la ngapi. Niliwabeba wote nikaja nao chumbani. Ndo maana nikisoma habari za Charbel naona ile miaka 16 haikupotea, alienda mlimani akiwa hana deni na mtu, hakuna mtu ambaye yeye alikuwa anamkimbia.

Na huko kwenye nyumba ya upweke ya Watakatifu Petro na Paulo, juu kidogo ya monasteri, alikaa miaka 23. Chumba kidogo, analala chini, mlo mmoja kwa siku bila nyama, jembe mkononi kama kawaida. Kilichoniliza mimi ni jinsi alivyopanga siku yake: Misa aliiadhimisha karibu na saa sita mchana, asubuhi yote ni ya kujiandaa, na baada ya Misa ni kushukuru. Siku nzima imezunguka Ekaristi. Mimi naingia kanisani Padre ameshaanza kusoma Injili, nikishapokea komunyo namtafuta bodaboda kwa macho kabla hata wimbo wa shukrani haujaisha, na Bwana nimempokea dakika tano zilizopita. Wapendwa, Jumapili hii tujaribu kufika nusu saa mapema, na tukimaliza tubaki kidogo, simu zikae zimezimwa.

Papa Paulo VI ndiye aliyemtangaza mwenye heri tarehe 5 Desemba 1965, siku chache kabla ya kufunga Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mtakatifu 1977. Sikukuu yake kwenye kalenda yetu ni 24 Julai, na kaburi lake Annaya wanaenda hadi Waislamu kuomba.

Alivyokufa ndo hivi. Tarehe 16 Desemba 1898 alikuwa altareni kama siku zote, amefika kwenye ile sala ya Wamaroni inayomwita Mungu Baba wa Kweli, akapigwa na kiharusi hapo hapo, Misa haikuisha. Wakamlaza. Siku nane amelala anateseka na baridi ya mlimani, na walio karibu wakawa wanamsikia anarudia maneno ya sala ile aliyoishia nayo altareni, Baba wa Kweli, Baba wa Kweli, na majina ya Yesu, Maria na Yosefu, mpaka tarehe 24, mkesha wa Noeli, alipokata roho.