Kilemba cha Babu na Mwanga wa Mlangoni

Mara ya kwanza nilipompiga picha babu mmoja wa Malindi, hapa Unguja, aliitazama kwenye kioo cha kamera kisha akaniuliza, "Huyu nani?"

Hakuwa akitania. Wajukuu zake walimleta studio kwangu wapate picha kubwa ya kutundika ukumbini, amevaa kanzu, joho na kilemba. Nikafanya kama ninavyowafanyia mabwana harusi: pazia jeusi nyuma, flashi mbili mbele, kamera ijipimie mwanga yenyewe. Kilemba kikaungua. Kikatoka cheupe pe, hakina mkunjo hata mmoja, utadhani karatasi iliyobandikwa kichwani. Nikapunguza mwanga, kilemba kikarudi, lakini uso ukazama gizani. Nikapandisha tena, nikashusha tena, mpaka mzee akachoka na mimi nikaona haya.

Kosa moja lilikuwa la ufundi. Kamera inapojipimia huchukulia kwamba vitu vyote mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati. Ikiona pazia jeusi limejaa pande zote hudhani pahala pana kiza, basi huongeza mwanga, na anayeadhibiwa ni kile cheupe. Kosa la pili sikulijua mpaka babu aliponieleza wakati wa kuondoka. Kilemba kile alikuwa amepigiwa na mjukuu wake ndani ya gari, haraka haraka. "Hiki cha kwake," akasema. "Mimi changu hukipiga mwenyewe tangu kijana." Nilikuwa nimepiga picha ya kilemba cha mtu mwingine juu ya kichwa cha babu, na yeye aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Nikarudi kwenye picha za zamani. Zipo picha za Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na kule Makumbusho ya Kasri, Forodhani, nilikuta zimetundikwa sura za masultani mmoja baada ya mwingine. Mpaka siku ile nilikuwa nazitazama nyuso. Sasa nikatazama vitambaa. Vilemba vya Al Busaid, ukoo wa masultani hao, vina rangi zake na upigaji wake, na picha za kina Barghash hazina rangi kabisa. Mpigaji alibakiwa na mikunjo na vivuli tu, na hata hivyo aliyezoea vilemba anajua yule ni wa ukoo gani. Wapigaji wa enzi hizo, kama A.C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio hapa mjini, hawakuwa na flashi kama zangu.

Waliochora kwa mkono nao walinifunza. Jan van Eyck alichora mwaka 1433 sura ya mwanamume aliyefunga kitambaa chekundu kichwani; wengi huamini kuwa ni yeye mwenyewe. Iko London, na ni ndogo kuliko karatasi ya kuandikia barua, sentimita 26 kwa 19 hivi. Kwa hakika si kilemba kama tunavyokijua sisi. Ni vazi la kichwani la Ulaya ya wakati ule, mikia yake imekusanywa ikafungwa juu. Lakini tazama alivyokifanyia kazi: mwanga unatoka upande mmoja tu, kila mkunjo una mgongo unaong'aa na bonde lenye giza, na nyuma ni weusi mtupu. Johannes Vermeer alifanya jambo hilo hilo yapata mwaka 1665 kwa yule msichana wa hereni ya lulu. Kile kitambaa cha buluu kichwani mwake kina sehemu iliyopigwa na mwanga, sehemu ya kati, na sehemu ya kivuli. Hizo tatu zinatosha jicho kuamini kwamba kile ni kitambaa kweli. Mimi kwa flashi zangu mbili za mbele nilikuwa nimezifuta zote nikabaki na moja.

Nikaomba nafasi ya pili, safari hii nyumbani kwake. Nikaenda Ijumaa saa tatu asubuhi, kabla hajatoka kwenda msikitini, sina flashi hata moja. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa. Ukifungua mlango mmoja, mwanga huingia laini na ndani hubaki kiza. Nikamweka ubavuni mwa mlango. Nikapima mwanga juu ya kitambaa peke yake, kisha nikaongeza mwanga hatua moja na nusu kwenye kamera, ili kibaki cheupe bila kupoteza nyuzi zake. Upande wa pili wa uso nikamwomba mjukuu ashike shuka jeupe lirudishe mwanga shavuni. Tundu la lenzi nikalibana mpaka f/5.6, kwa sababu kwenye f/1.8, likiwa wazi sana, jicho linakuwa kali na mikunjo ya pembeni inayeyuka. Na juu nikaacha nafasi. Kukata ncha ya kilemba kwenye picha naona ni sawa na kumkata mtu kidole.

Kisha nikamwambia, "Babu, kipige kama kila siku, mimi sipo."

Kilikuwa cha sufu ya Kashmiri, rangi ya maziwa, kimedariziwa ukingoni. Akakitandaza pajani, akakikunja pembe kwa pembe kikawa pembetatu, akakikunja tena na tena mpaka kikawa ukanda. Akakiweka juu ya kofia, akapeleka ncha nyuma, akazipishanisha, akazileta mbele, macho kafumba. Hakuwa na kioo. Vidole vilikuwa vinapapasa kila mkunjo kuuliza kama umekaa.

Nilipomwonesha picha nikaanza kuzisifu, kwamba anapendeza, kwamba hajazeeka. Akanikata: "Usinivike kilemba cha ukoka, mjukuu wangu. Zioneshe zote."

Akazitazama taratibu. Wajukuu walitaka ile aliyokaa kimya, mikono magotini. Yeye akachagua nyingine, mikono iko juu bado, ncha ya mwisho inachomekwa nyuma ya sikio, macho yamefumba. Nikazichapa zote mbili kwa ukubwa mmoja. Yake imetundikwa chumbani kwake, ukutani pale jua lisipofika.