Kitabu kinalala kwa mama, mimi nalala kwa baba: siku yangu kama afisa wa watoto Kisumu

Saa moja na nusu asubuhi nashuka boda mbele ya ofisi na kukuta dani (bibi) mmoja kutoka Nyalenda ameshakaa kwenye benchi. Mjukuu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, mama yuko Mombasa, baba hapokei simu. Namwandikia barua ya kumwita baba na kumpa dani siku ya kurudi.

Saa tatu niko mahakamani. Kesi za watoto husikizwa faragha, na ndiyo sababu nimebadilisha mambo madogo madogo katika ninayoyasimulia hapa. Leo hakimu anatoa uamuzi kuhusu msichana wa Gredi ya 6. Baba amehamia Nakuru kikazi na anataka binti amfuate, aingie shule ya kibinafsi huko. Mama anauza nguo soko la Kibuye na anataka abaki alipo. Tangu siku ya kwanza baba alikuwa na hoja moja: karo nalipa mimi, basi shule nachagua mimi.

Hoja hiyo naisikia kila wiki, na kila wiki inaniuma. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au la, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyashikilia hayo. Ile ya zamani, ya 2001, ilikuwa ikimtwika mama mzigo huo kwanza pale wazazi walipokuwa hawajaoana. Kulipa karo ni wajibu wa mzazi kwa mtoto. Hakumnunulii mzazi kauli ya mwisho. Vilevile mama hawezi kumficha mtoto eti kwa kuwa karo imechelewa. Kumwona baba ni haki ya mtoto mwenyewe.

Hakimu anasoma taratibu. Msichana atamaliza Gredi ya 6 hapa Kisumu na kufanyia mtihani wa KPSEA, ule wa mwisho wa shule ya msingi, kwa walimu wanaomjua. Likizo zitagawanywa nusu kwa nusu. Baba ataendelea na karo, mama na chakula na sare. Kuhusu Gredi ya 7, wazazi wakae waelewane, wakishindwa warudi. Amri za watoto hazifungi milele. Hali ikibadilika, mahakama huziangalia upya.

Kuna jambo moja nililoliomba kwenye ripoti yangu nalo limekubaliwa: shule iandikishe namba za simu za wazazi wote wawili. Nilipokwenda kule nilikuta namba ya mama tu. Baba alikuwa akituma karo kila muhula bila kuona fomu ya matokeo hata moja. Nadhani hasira yake nyingi ilianzia hapo. Mahakamani ilitoka kwa jina la Nakuru.

Sikuanza kazi hii nikijua kuuliza mambo kama hayo. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuandika ripoti baada ya kutembelea nyumba mbili bila kukanyaga shuleni. Mtoto alihamishwa katikati ya muhula, akakaa wiki kadhaa bila vitabu na bila rafiki. Karatasi ile ilikuwa na sahihi yangu. Tangu siku hiyo shuleni nafika, hata mvua ikinyesha.

Ndiyo maana saa sita niko Manyatta, shule nyingine, kesi nyingine. Mvulana wa Gredi ya 4. Wazazi walikubaliana wenyewe: Jumatatu hadi Jumatano kwa mama, Alhamisi hadi Jumapili kwa baba huko Mamboleo. Kwenye karatasi ni mgao wa haki. Sasa kila mmoja anamshtaki mwenzake kuwa anaharibu masomo ya mtoto.

Mwalimu wa darasa ananifungulia daftari la Kiswahili. Kazi za Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimesahihishwa kwa wino mwekundu, vema, vema, vema. Za Alhamisi hazipo. Ukurasa baada ya ukurasa, tarehe imeandikwa vizuri juu kisha mistari mitupu. Namuuliza kijana polepole, tukiwa chini ya mwembe, kwa nini.

"Anti, kitabu kinalala kwa mama, mimi nalala kwa baba."

Kitabu cha kiada ni kimoja. Jumatano jioni hubaki kwa mama, Manyatta, kwa sababu Alhamisi hakuna kipindi cha Kiswahili, lakini mazoezi ya wiki hutolewa Alhamisi hiyohiyo.

Saa tisa nafika Mamboleo. Baba ananionyesha kitanda, meza ndogo, taa ya kusomea aliyoinunua mwenyewe. "Mama yake anakificha makusudi," ananiambia. Nampigia mama nikiwa palepale, naye anajibu kuwa baba hajawahi kukiulizia. Mwaka mzima hawajazungumza, na ujumbe wote umekuwa ukibebwa na mtoto wa miaka 9.

Saa kumi na moja jioni nimerudi ofisini kuandika. Sheria inataka maoni ya mtoto yasikizwe kulingana na umri na uelewa wake, kwa hiyo maneno yake nayaweka kama alivyoyasema. Napendekeza mtoto abadilishe nyumba Ijumaa kwa Ijumaa, begi lote liende naye, na wazazi watie sahihi mkataba wa majukumu yao ambao mahakama itausajili.

Simu inalia. Ni yule baba wa Nakuru, bado yuko mjini, matatu ya kupitia Kericho haijajaa. Anataka kujua ofisi ya shule hufunguliwa saa ngapi, maana ameamua kulala Kisumu apeleke namba yake kesho asubuhi kwa mkono wake. Namwambia saa mbili.