Tulivyoanzisha huduma ya wazee majumbani huku Kibosho, Kilimanjaro

Wazo lilitoka wodini. Nikiwa muuguzi niliona wazee waliopooza kwa kiharusi wakiruhusiwa na nafuu yao, kisha wanarudishwa wana vidonda vya mgongo na makalio, kwa sababu kule kihambani, yaani nyumbani kwao, hapakuwa na wa kuwageuza. Watoto wao wako Dar es Salaam, wanapanda huku mlimani Krismasi. Anayebaki na bibi ni mjukuu wa darasa la tano, au dada wa kazi ambaye hajaelekezwa chochote.

Nilipostaafu nikakusanya akina mama wenzangu tukaunda kikundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alituongoza kuandika katiba na kujisajili, na kwa usajili huo tukaomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tukanunua mashine za presha, glavu na mipira ya kitandani.

Kilichotushika muda mrefu ni bei. Baadhi waliona aibu kumtoza mtu kwa kumwogeshea mama yake. Mimi nilishikilia kwamba wahudumu wana watoto wa kusomesha, na kazi ya kujitolea hufa masika yakianza na njia kuteleza. Tukakubaliana: familia yenye uwezo inalipa kwa simu kabla mwezi haujaanza, na sehemu ya kila malipo inaingia mfuko wa wazee wasio na mtu. Mhudumu hazungumzii pesa na familia hata kidogo, hiyo ni kazi ya mweka hazina.

Kila nyumba ina daftari: mzee amekula nini, presha yake, ngozi ya visigino na makalio ikoje. Jioni mtoto aliye mbali anatumiwa picha ya ukurasa. Daftari hilo limetuletea wateja kuliko tangazo lolote. Na kwa kuwa kugeuza ni kila baada ya saa mbili na sisi hatulali pale, tunafundisha nyumba nzima, mjukuu akiwemo.

Sindano na mipira ya mkojo hatugusi, hizo ni za kituo chenye kibali. Tunampeleka mzee huko, na asiyejiweza mwenye miaka 60 na zaidi tunamfuatilia kitambulisho cha matibabu bila malipo, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji.

Sasa tunatafuta vijana wa kiume. Akina babu wengi hawakubali kuogeshwa na mwanamke wa rika la binti yao, na wana haki. Tumeshampata mmoja, dereva wa bodaboda, anafanya asubuhi kabla ya kwenda kijiweni.